Nguo nyeupe ya arusi inashuhudia nini?

Mara nyingi, tunapoandika juu ya ndoa katika vijitabu kama hiki, tunaandika juu ya mahari: mbuzi ngapi, dola ngapi, nani anapokea koti ya baba na nani anapokea kikwembe cha mama. Juu ya nguo ya bibi arusi hatuandiki kitu. Tunaiona kuwa jambo la wanawake, jambo la vioo na picha. Sisi pia tuliwaza hivyo mpaka siku moja ya mwezi wa sita, tulipomsindikiza mtoto wa dada yetu kutafuta robe katika maduka ya mji wetu wa Lubumbashi. Tulitoka asubuhi tukifikiri tunaenda kuchagua kitambaa. Jioni tulirudi na swali ambalo mpaka leo halijatuacha.

Tulikuwa wanawake wanne: bibi arusi mwenyewe, mama yake, shangazi yake wa upande wa baba, na sisi mama mdogo. Njo inavyotakiwa kwetu. Binti haendi kutafuta robe peke yake, wala na bwana yake. Na katika msafara kama huo shangazi ndiye mwenye neno, kwani anasimama pale kwa ukoo wa baba, na ni yeye atakayeulizwa na watu wa bukwe kama kitu kinaenda vibaya.

Tulianza na magazini za katikati ya mji, zile zenye sanamu bila kichwa zilizovalishwa mbele ya kioo. Robe mpya, pamoja na jiponi ya ndani na shela, ile tunayoita voile, ilikuwa dola 450. Mwenye magazini alikubali kushuka mpaka 400. Mama ya binti ni mwalimu. Alishika kile kitambaa, akakiacha, akatoka nje bila kusema neno, na sisi tukamfuata. Dola 400 kwa nguo ya saa kumi! Basi tukashuka mpaka komini ya Kenya, kwenye nyumba za kukodisha, za lokasio kama tunavyosema kila siku. Mwenye duka alitupokea vizuri: “Karibuni, ba mama. Munatafuta ya kuuza ao ya lokasio?” (Watu wa pwani wakisoma hapa wasichanganyikiwe: katika Kiswahili chetu cha Katanga, kuuza ni kutoa pesa, kuuzisha ni kuipokea.) Bei ilikuwa dola 70, na dhamana ya dola 30 ambayo mtu anarudishiwa siku ya Jumatatu, kama robe imerudi bila doa na bila kupasuka.

Tuseme kidogo juu ya duka lenyewe, kwa sababu watu wengi wanaziona nguo hizi kanisani tu na hawajui zinavyoishi. Robe ya kukodi haina zipu nyuma. Ina matundu na kamba. Ukiivuta inambana binti mwembamba, ukiilegeza inamkaa mama mnene, na hivyo robe moja inawafaa wanawake ishirini. Pindo la chini limejaa alama za sindano, maana kwa kila bibi arusi wanalipandisha ao kulishusha kufuata urefu wake na visigino vya viatu vyake. Zile tulizoona zilishonwa China. Mama yule alitueleza safari yao: bandari ya Dar es Salaam, kisha barabara ya Zambia, kisha Kasumbalesa, ambako kila mtu mwenye kitabu cha stempu anataka kitu chake. Wakati wa Kwaresima zinalala katika plastiki. Wakati wa kiangazi hazipumziki, na vumbi letu jekundu linaingia katika mkia mpaka maji ya kufulia yanakuwa kama chai. Juu ya meza kulikuwa kitabu cha shule chenye majina ya waliokodi, tarehe, na doa lililokutwa. Robe ambayo mtoto wetu aliipenda ilikuwa imekwisha kutoka mara nne tangu Pasaka.

Ilikuwa nyeupe kabisa, na mikono ya dantela. Aliivaa nyuma ya pazia, akatoka, akasimama mbele ya kioo. Mama yake alianza kulia kidogo, kama wanavyolia mama wote pale.

Shangazi akasema: “Tuletee ya krimu.”

Mwenye duka akashangaa. “Juu ya nini, mama? Iyi nyeupe njo inamufaa.”

“Uyu eko na mutoto.”

Hakupaza sauti. Lakini duka lilikuwa dogo, na wateja wengine wawili walikuwa wamekaa kwenye benchi wakingoja zamu yao. Shangazi aliendelea: “Nyeupe na voile ya kufunika uso ni ya binti. Yeye atavala krimu na maua kwenye kichwa. Watu wa bukwe banajua. Tusichekeshe watu.”

Mtoto wetu hakubishana. Alikuwa bado anatazama ndani ya kioo, lakini hakujitazama yeye. Alitutazama sisi watatu nyuma yake. Kisha akauliza kwa sauti ndogo: “Mama mudogo, nivule?”

Tukiri wazi kwamba hatukujua la kumjibu. Tulisema tu: “Ngoja kwanza.” Labda yote tunayoandika hapa ni jibu tulilopaswa kumpa pale pale.

Wasomaji wanajua kwamba shangazi hakutunga jambo hili siku ile. Katika mji huu kuna makanisa ambayo hayamruhusu bibi arusi mwenye mimba kuvaa voile, na mengine yanamwomba afunge ndoa siku ya kazi, bila kwaya. Kuna pia jamaa ambazo zinaona jambo hili ni desturi ya mababu. Hapo ndipo tunasimama kwanza, kwani kijitabu hiki ni cha desturi, na haifai kuwatwisha mababu mzigo usio wao.

Nguo nyeupe ya arusi haikutoka kwa mababu, na hata kule ilikotoka si ya zamani sana. Zamani wanawake wa Ulaya waliolewa katika nguo nzuri kuliko zote walizokuwa nazo, ya rangi yoyote. Tarehe 10 mwezi wa pili 1840, malkia Victoria wa Uingereza aliolewa na Albert akiwa amevaa nyeupe yenye dantela ya Honiton, na moja ya sababu ilikuwa kuwapa kazi mafundi wa dantela wa inchi yake. Matajiri wakamfuata. Ni baadaye tu, katika karne ile ile, watu walianza kueleza kwamba weupe ule ni alama ya usichana usioguswa. Maana ilishonwa juu ya nguo wakati nguo ilikuwa imekwisha kuvaliwa. Kisha wamisionari na masista wakatuletea vyote viwili pamoja, na sisi tukapokea furushi bila kulifungua.

Kwetu wenyewe weupe ulikuwepo, lakini ulisema neno lingine. Kwa Baluba, udongo mweupe, pemba, ulipakwa juu ya mkubwa anayetawazwa, juu ya mtu wa kuagua, juu ya mama aliyezaa mapacha. Ulikuwa rangi ya mwezi unaoandama na ya baraka ya wale waliotangulia. Mama wa mapacha, nani angemdhania kuwa hajaguswa? Na kwa ndugu zetu Wabemba, Mwingereza Audrey Richards aliyeitazama sherehe ya chisungu mwaka 1931, na kuiandika katika kitabu kilichotoka mwaka 1956, alieleza namna wasichana walivyopakwa weupe baada ya damu yao ya kwanza. Baada, si kabla. Tukielewa vizuri, weupe ule haukutangaza kwamba hakuna kilichopita juu ya mtu. Ulitangaza kwamba amevuka, na kwamba wakubwa wanampokea upande huu. Pemba hukujipaka mwenyewe ili kuonyesha ulivyo. Ulipakwa na mkono wa mwingine.

Na kanisani? Mtu mzima akibatizwa anavalishwa nguo nyeupe siku ile ile, hata kama jana alikuwa mwizi. Katika Ufunuo, mlango wa 7, wale waliovaa mavazi meupe ni watu waliotoka katika dhiki na ambao mavazi yao yamefuliwa. Nguo ambayo haikuchafuka, nani anaifua? Tuliona ajabu kukuta kwamba mababu wa kipagani na Maandiko vinakubaliana hapa, na kwamba ni sisi, tulio katikati, ambao tumegeuza zawadi kuwa hati ya polisi.

Hatusemi kwamba wazee hawakujali usichana. Walijali sana. Katika makabila mengi ya inchi hii kulikuwa na zawadi, mara mbuzi, mara kitu kingine, kwa mama ao kwa nyanya ya binti aliyekutwa mzima. Lakini jambo lile lilipita kati ya mashangazi, ndani ya nyumba, usiku, na mtu wa barabarani hakujua kitu. Aliyekosa zawadi alikosa zawadi, kesho yake akaenda kuchota maji na wengine. Hakuvalishwa rangi ili mji wote umsome.

Miaka ya Zaire nayo inatufundisha kitu. Wakati wa Authenticité, kuanzia 1971, wanaume walinyang'anywa koti na tai wakavaa abacost, mpaka mwaka 1990 rais Mobutu aliporuhusu tai tena. Katika picha za jamaa yetu za wakati ule, bwana arusi amesimama katika abacost, na pembeni yake bibi arusi yuko katika robe nyeupe na voile, kama vile amri ya kurudi kwenye asili haikumfikia. Serkali iligeuza nguo ya mwanaume kwa amri moja, na heshima yake haikupungua hata kidogo. Nguo ya mwanaume ni nguo tu. Ya mwanamke tumeifanya barua.

Tukaribie sasa jambo lenyewe, maana bado hatujasema lililo gumu.

Mtoto yule ambaye shangazi alimtaja dukani ana miaka minne. Baba yake ni nani? Ni huyu huyu bwana arusi. Alimtambua mtoto siku alipozaliwa, analipa masomo yake, na Jumapili anakwenda naye kwenye misa. Kwa nini basi hawakufunga ndoa kabla? Kwa sababu moja: mahari. Kijana alikuja nyumbani kwetu na wajomba zake wakati binti alikuwa hajashika mimba, na jamaa yetu ikamwandikia karatasi. Pesa, mbuzi, jenereta ndogo kwa baba, koti, viatu, vikwembe vya wax kwa mama, kwa nyanya na kwa shangazi. Sisi tunaoandika tulikuwa ndani ya chumba kile. Kikwembe chetu kilikuwa katika mstari wa tisa. Kijana alikuwa anafanya kazi za hapa na pale kwenye machimbo ya Kolwezi. Alilipa kidogo kidogo, miaka mitano. Katika miaka ile mtoto akaja. Sheria ya Jamaa ya inchi yetu, ile ya 1987 iliyorekebishwa mwaka 2016, inadai mahari iwepo, na hatuandiki hapa kuikataa. Lakini haikutuambia tuandike jenereta.

Kwa hiyo ile rangi ya krimu ingeshuhudia nini siku ya Jumamosi, mbele ya watu mia mbili? Ingeshuhudia juu ya binti peke yake. Isingesema kwamba kulikuwa na mwanaume katika habari ile. Isingesema kwamba kulikuwa na karatasi yenye mistari kumi na minne. Shahidi anayesema sehemu moja ya kweli na kunyamaza juu ya nyingine, wazee wetu barazani wangemkalisha chini.

Jumamosi ile ile tuliyokuwa Kenya, bwana arusi alikwenda na rafiki zake kununua suti. Ilichukua nusu saa. Waliangalia mabega na urefu wa suruali. Hakuna aliyemwambia: “Wewe uko na mtoto, chukua ya rangi nyingine.” Na kama mtu angemwambia, wote wangecheka, naye angecheka wa kwanza. Tuliwaza sana juu ya kicheko hicho. Jambo moja, lililofanywa na watu wawili, kwa mmoja ni kicheko na kwa mwingine ni aibu ya kuvaliwa kwenye mwili. Mwenye kutetea desturi hii anapaswa kueleza kwanza tofauti hiyo inatoka wapi, na asituambie ni “asili ya mambo”.

Shangazi si mtu mbaya. Ni mwanamke mwenye kufikiri. Siku ya pili alikuja nyumbani, tukanywa chai, akatuambia neno ambalo hatuwezi kulipita mbio. Alisema: “Mimi nilijichunga. Nilikataa watu. Siku ya arusi yangu, ile nyeupe njo ilikuwa mushahara wangu. Sasa kama kila mutu anaivala, mabinti banaojichunga leo tutabapa nini? Munataka bajue kwamba ni sawasawa tu?”

Tulinyamaza. Katika mji wa machimbo, ambako pesa ya siku moja inaweza kumharibu mtoto wa miaka kumi na sita, mwanamke anayetafuta kitu cha kuwatia moyo mabinti hafai kuchekwa. Na ni kweli kwamba alama inayopewa wote inapungua nguvu. Tulimjibu kwamba mshahara usiolipwa mpaka mwingine akatwe wake ni mshahara wa namna gani. Alitutazama tu, na sisi wenyewe hatukuridhika na jibu lile. Mpaka leo hatuna jibu linalomtosha. Tunachojua ni kwamba binti aliyejichunga anastahili heshima ya wale wanaomjua, na heshima hiyo haihitaji mwenzake asimame pembeni katika krimu ili ionekane. Lakini yeye angetuambia kwamba heshima isiyoonekana katika mji huu hailishi mtu, na hatungeweza kumwambia anasema uongo.

Kitu kimoja tulimwonyesha, na hapo alitabasamu kidogo. Robe ile ya Kenya imekwisha kuvaliwa na wanawake wanne tangu Pasaka, na mwaka jana na wengine. Mmoja wao labda alikuwa binti kama yeye alivyokuwa. Mwingine labda alikuwa na mimba, na kamba za mgongoni zililegezwa. Mwingine labda alikuwa na watoto watano, akibariki ndoa ya miaka ishirini. Zamani nyanya yetu alishonewa yake kambini, katika Union Minière, na baada ya arusi aliikata akawashonea watoto nguo za ubatizo. Ile ilikuwa nguo ya mtu mmoja na ingeweza, tuseme, kusema habari zake. Lakini robe ya lokasio? Imefuliwa mara ngapi? Inajua nini juu ya mwili wa nani? Shahidi anayesema neno lile lile kwa kila anayemlipa dola 70 hawezi kuitwa kwenye kesi ya bikira. Anachoweza kushuhudia ni kimoja tu, nacho ni kweli kwa wote waliopita ndani yake: kwamba siku ile jamaa mbili zilikubaliana, na huyu mwanamke akatoka nyumbani kwao akisindikizwa.

Padri wa parokia, shangazi alipokwenda kumwuliza, alijibu kwamba yeye anauliza cheti cha ubatizo, hati ya serkali na matangazo matatu, na kwamba juu ya rangi aulizwe fundi. Jibu hilo lilimkasirisha shangazi kuliko maneno yetu yote. Alisema mapadri nao wamechoka.

Hatimaye ilikuwa nusu kwa nusu, kama yanavyokwisha mambo ya jamaa. Robe nyeupe, ndiyo, ile ile ya dantela. Voile, ndiyo, lakini ya kuanguka nyuma, isifunike uso. Mtoto wetu alikubali. Alisema anapenda kuona anakokanyaga. Asubuhi ya Jumamosi ilipokuja, shangazi ndiye alivuta kamba za mgongoni na kuifunga ile voile kwa sindano, na hakumruhusu mtu mwingine aguse.

Siku ya Jumatatu tulirudisha robe Kenya, shangazi na sisi. Mwenye duka aliitandaza juu ya meza, akafungua kitabu chake, akakuta doa upande wa kulia, chini ya kiuno. Fanta ya machungwa, vidole vitano vidogo, vizuri kabisa. Alisema atakata dola 10 kwenye dhamana. Tulianza kubishana juu ya bei. Shangazi alitukataza, akatoa zile 10 katika kikwembe chake mwenyewe ili dhamana irudi kamili kwa mama ya binti, kisha akamwuliza mwenye duka kama doa la namna ile linatoka. “Inatoka, mama,” mwenye duka alisema. “Ya batoto inatoka kila mara.”